Rangi za Bahati, Suti za Usaili na Kalamu Zinazong'aa: Maswali Yenu ya Kazi

Barua za safari hii zimeleta swali moja lililovaa nguo tofauti: je, rangi inaweza kumsogeza mtu mbele kazini? Tumechagua tisa.

SWALI: Nimekusanya orodha za maana za rangi. Bluu uaminifu, nyekundu nguvu, zambarau ufalme, kijani ukuaji. Tatizo ni kwamba orodha zenyewe zinapingana. Nifuate ipi?
*Mkusanyaji*

JIBU: Usiifuate hata moja kama sheria. Tazama Kiswahili chenyewe. Vivumishi vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine tumezitaja kwa vitu: kijivu ni ya majivu, kijani ya majani, kahawia ya kahawa, zambarau ya tunda, na ile nyekundu nzito tunaiita damu ya mzee. Maana za rangi nazo zilipatikana hivyohivyo, kwa kitu kilichoibeba rangi, na kitu kikibadilika maana hulegea.

Ufalme wa zambarau, kwa mfano, ulitokana na gharama. Rangi ya kale ilikamuliwa kutoka kwa konokono wa baharini; mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4. Ni nani angeivaa kama si mfalme? Lakini tayari mwaka 1856, William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 mjini London, alikuwa amejaribu kutengeneza kwinini akaishia na zambarau ya maabara. Tangu hapo zambarau ni ya kila mtu.

Maana hubadilika pia kwa mahali. Nyeupe ni ya harusi kwa wengine na ya msiba kwa wengine. Kwenye mbao za bei za hisa nchini Uchina, nyekundu ni bei kupanda na kijani ni kushuka, kinyume kabisa cha Marekani. Ukimtumia mteja wa huko jedwali la faida yako kwa kijani, hujamwambia unachodhani umemwambia. Kwa hiyo badala ya kuuliza rangi fulani ina maana gani, uliza nani ataiona, kwa mwanga gani, na imekaa jirani na nini.

SWALI: Nina usaili baada ya wiki mbili. Kabatini nina koti jeusi, suruali nyeusi niliyonunua baadaye, suruali ya kijivu na shati jekundu ninalolipenda sana. Nivae nini?
*Mhitimu*

JIBU: Hakuna rangi inayotoa kazi. Ila kuna rangi inayoyahamisha macho ya wasaili kutoka usoni kwako, na hiyo ndiyo ya kuikwepa.

Anza na uso. Michel-Eugène Chevreul, mkemia wa kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipochunguza alikuta rangi yenyewe haina kasoro. Weusi ulionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa pembeni yake. Matokeo aliyachapisha mwaka 1839. Ngozi yako nayo hubadilika machoni pa watu kwa sababu ya kola iliyo chini yake. Simama mita moja kutoka dirishani asubuhi, taa zote zikiwa zimezimwa. Shikilia kila nguo chini ya kidevu upigwe picha bila kichujio chochote. Kisha punguza picha kwenye simu mpaka ziwe ndogo kama ukucha wa dole gumba, uzitazame zote pamoja. Ile ambayo jicho lako linaanzia kwenye nguo, iache. Ile ambayo jicho linaanzia kwenye macho yako, hiyo ndiyo.

La pili, na hapa ndipo wengi wanapoumbuka: nguo mbili nyeusi si lazima zilingane. Koti lako na suruali yako vinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya dukani, ukitoka nje kimoja kikawa cheusi chenye ukahawia na kingine chenye ukijani. Vitambaa vilitiwa rangi kwa kemikali tofauti, na kemikali hizo huakisi taa moja sawasawa lakini huachana chini ya nyingine. Vikague juani. Vikiachana hata kidogo, vaa koti jeusi na suruali ya kijivu. Tofauti ya wazi huonekana umeichagua. Tofauti ndogo huonekana umekosea.

La tatu ni jasho. Samawati na kijivu cha wastani huonyesha kila tone. Nyeupe, nyeusi na bluu iliyokoza huficha. Chovya kidole kwenye maji, gusa upande wa ndani wa shati, hesabu hadi tano. Doa likionekana kwa nje, shati hilo si la siku yenye wasiwasi.

Shati jekundu liache nyumbani. Halina mkosi wowote, ila karibu kila mara ndilo litakaloonwa kwanza. Kama kazi ni ya ubunifu wa mitindo, hesabu inabadilika na unaweza kulivaa. Jaribu vyote siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia, na uvijaribu ukiwa umeketi: hapo ndipo soksi nyeupe chini ya suruali ya kijivu zinapojitangaza. Nguo nyeusi zifue kwa maji baridi zikiwa zimegeuzwa ndani nje, uzianike kivulini.

SWALI: Kuna jaribio mtandaoni: unapanga rangi nane kuanzia unayoipenda zaidi, linakueleza tabia yako na kazi inayokufaa. Maelezo yangu yamenigusa kwelikweli. Nibadilishe kazi?
*Nimeguswa*

JIBU: Bado. Majaribio ya namna hiyo mengi ni wajukuu wa kadi za rangi za Mswisi Max Lüscher za miaka ya 1940. Kuguswa si ushahidi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 wa saikolojia maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini yameandikwa kwa ajili yake. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile.

Lipime lako hivi. Fanya jaribio mara tatu kwa mipangilio tofauti, upate maelezo matatu. Yaondoe jina, uwape watu watatu wanaokujua vizuri, uwaulize: lipi ni mimi? Wakichagua tofauti, umepata jibu. Kuhusu kazi, kwa siku 10 za kazi andika kila jioni mistari miwili: kazi iliyokufanya usahau saa, na kazi uliyoahirisha zaidi ya mara moja. Karatasi hiyo itakueleza zaidi ya rangi nane.

SWALI: Usaili wangu ni kwa video. Nikijirekodi, uso unakuwa mweusi tii na shati jeupe linawaka kama taa. Ni simu mbovu?
*Gizani*

JIBU: Simu ni nzima, inafanya hesabu vibaya. Kamera ikiachiwa yenyewe hutafuta wastani wa mwanga wa picha nzima na kuuvuta kuelekea kijivu cha kati. Shati jeupe mbele ya ukuta mweupe huiambia kwamba mahali pamejaa mwanga, basi inapunguza, na kinachopotea ni uso, hasa wenye ngozi nyeusi. Mtu wa ngozi nyeupe aliyevaa nyeusi tupu hupata kinyume chake: uso unaungua.

Badilisha vitu hivi kwa utaratibu huu, ukirekodi sekunde 10 baada ya kila kimoja ili ujue kipi kilisaidia. Dirisha liwe mbele yako, si mgongoni. Vaa rangi ya kati: bluu, kijani iliyotulia, damu ya mzee. Ukuta wa nyuma uwe na rangi iliyo mbali na ya nguo. Ukitumia mandhari ya bandia na shati linafanana na ukuta, bega litamezwa katikati ya sentensi. Kamera iwe usawa wa macho, juu ya vitabu kama hakuna kishikio. Kama uso bado una giza, gusa uso wako kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo.

Usichanganye taa. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: mwanga wa mchana dirishani ni kama 5,500 hadi 6,500. Balbu yenye mwanga wa njano ni 2,700. Kamera hurekebisha rangi kwa chanzo kimoja tu, kwa hiyo shavu moja litakuwa la chungwa na jingine la samawati. Chagua kimoja, zima kingine. Taa ikae pembeni kidogo na juu kidogo ya macho, umbali wa mita moja, na mbele yake tundika karatasi nyeupe isiyogusa balbu.

Mashati ya mistari myembamba yaache kabisa. Mistari hugongana na safu za vitone vya kamera na shati huanza kucheza mawimbi kila unapopumua.

SWALI: Nataka kuomba nyongeza ya mshahara. Nimesoma kwamba anayevaa nyekundu hushinda. Kuna ukweli?
*Mwenye Hamu*

JIBU: Chimbuko lake lipo, nalo linavutia. Kwenye Olimpiki ya Athens ya 2004, wanamasumbwi, wanamieleka na wachezaji wa taekwondo walipangiwa nyekundu au bluu kwa bahati nasibu, na watafiti Russell Hill na Robert Barton walipohesabu walikuta wenye nyekundu wameshinda karibu asilimia 55. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliwaonyesha waamuzi wa taekwondo mapambano yaleyale, rangi zikiwa zimebadilishwa kwa kompyuta. Aliyeonekana kwa nyekundu alipewa pointi zaidi. Yaani pengine rangi ilimgusa mwamuzi kuliko mpiganaji. Na mapambano mengi zaidi yalipokusanywa miaka ya baadaye, faida hiyo ilikaribia kuyeyuka.

Bosi wako si mwamuzi wa taekwondo. Ingia na ukurasa mmoja, maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe, wenye matokeo matatu: hali ilikuwaje, ulifanya nini, tarakimu ipi ilibadilika. Nenda kabla bajeti haijafungwa. Taja kiasi unachotaka, kisha nyamaza. Wengi huharibu hapo kwa kujaza kimya na kujipunguzia wenyewe kabla hawajajibiwa. Usitaje mshahara wa mwenzako wala matatizo ya nyumbani. Nyekundu ikikupa moyo, ivae, lakini ivae kwanza kwenye kikao cha kawaida ili siku yenyewe usiwe unavutavuta kola.

SWALI: Nikipaka chumba changu cha kazi waridi, kweli kitanituliza?
*Mpaka Rangi*

JIBU: Hadithi hiyo ilitoka kwenye mahabusu ya jeshi la wanamaji mjini Seattle, iliyopakwa waridi mwaka 1979 na kusifiwa kwamba wafungwa walitulia. Majaribio ya baadaye yaliyopangwa vizuri, yakiwemo ya magereza ya Uswisi, hayakuliona hilo. Paka rangi unayoweza kuitazama kwa saa nane mfululizo, isiyong'aa ili isirudishe mwanga kwenye skrini, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha ubao cha nusu mita kwa siku mbili: asubuhi, mchana na chini ya taa.

SWALI: Ninajisomea mtihani wa taaluma huku nikifanya kazi. Kitabu changu kimejaa njano, waridi na kijani za zile kalamu zinazong'aa, lakini nikikifunga sikumbuki kitu.
*Mwenye Kitabu cha Rangi*

JIBU: Umetambua tatizo kabla hatujalitaja: ukikifunga. Kupaka rangi ukisoma mara ya kwanza ni kuchagua muhimu kabla ya kujua muhimu ni nini, hivyo kila kitu kinastahili. Kisha kila ukifungua, macho yanakutana na rangi uliyoizoea na ubongo unasema "hii naijua". Unaitambua tu, kwenye mtihani utatakiwa kuikumbuka. Mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walipopitia mbinu kumi za kusoma mwaka 2013, kupigia mistari kuliwekwa kundi la chini. Kujijaribu na kusambaza marudio kwa siku mbalimbali ndiko kulikowekwa juu.

Hata hivyo kalamu usiitupe. Mwanasaikolojia Hedwig von Restorff alionyesha mwaka 1933 kwamba kitu kinachotofautiana na vilivyokizunguka hukumbukwa zaidi. Sharti ni kiwe kimoja. Ukurasa wenye mistari 20 ya njano hauna hata mmoja unaotofautiana.

Fanya hivi. Soma sehemu fupi, kurasa tatu au nne, mikono mitupu. Funga. Andika kwa penseli ulichokumbuka, hata kama ni aibu. Fungua ulinganishe. Sasa chukua kalamu ya rangi moja tu na upake ulichokosa, si ulichokijua. Pembeni ya kila mstari uliopakwa andika swali ambalo mstari huo unalijibu. Maswali hayo yajibu kesho, baada ya siku tatu, baada ya siku saba, na baada ya wiki tatu, mstari ukiwa umefunikwa kwa karatasi. Swali ulilolijibu sawa mara mbili mfululizo liwekee tiki uliache. Baada ya mwezi, njano isiyo na tiki ndiyo mtihani wako uliobaki, na kwa kawaida ni kurasa chache kuliko ulivyoogopa.

SWALI: Niliipanga kalenda yangu kwa rangi 11, kila mradi na yake. Ilipendeza wiki mbili, ikafa.
*Rangi Kumi na Moja*

JIBU: Ilikufa kwa sababu kila ulipoingiza jambo ulilazimika kuamua rangi, na kwenye skrini ndogo kijani na kijani hafifu ni ndugu. Tena jina la mradi tayari limeandikwa. Rangi ilikuwa inarudia.

Paka aina ya umakini, si mradi. Nne zinatosha. Bluu iliyokoza ni kazi ya kichwa isiyokatizwa. Chungwa ni kukutana na watu. Kijivu ni barua pepe, fomu na safari. Kijani ni kujifunza. Ijumaa, kwa dakika 15, weka kijani kwanza, vipindi viwili vya dakika 45, kisha bluu, vingine vitajaza vyenyewe, havihitaji msaada wako. Ijumaa inayofuata rudi upake upya kwa kilichotokea kweli. Bluu ya saa nne asubuhi ikigeuka chungwa mara tatu, usijilaumu kwa kukosa nidhamu: saa hiyo ni ya watu, ihamishe bluu kwenda nyingine. Kumbuka pia kwamba katika programu nyingi za kalenda wenzako hawaoni rangi zako. Wanachosoma ni kichwa cha kipindi, basi andika "Naandika ripoti", si "Bluu".

SWALI: Nilitumia rangi tano kwenye wasifu wangu wa kazi na nyingine kwenye chati za kikao. Wasifu haujaitwa popote, na kwenye kikao mkuu wangu alisema haoni tofauti kati ya mstari mwekundu na wa kijani. Alinidhihaki?
*Mchoraji*

JIBU: Yaelekea alisema kweli. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, wanaume wapatao 8 katika 100 hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani; wanawake hawafiki 1. Chembe ya urithi inayohusika imo kwenye kromosomu X, na mwanaume anayo moja tu, hana ya akiba. Viwango hutofautiana kati ya jamii, lakini kwenye ukumbi wa watu 50 usidhani hayupo hata mmoja.

Wasifu kwanza. Waajiri wengi huupitisha kwenye programu inayochota maandishi, na programu haioni rangi. Vile vipimo vya mistari ya rangi, "Kiingereza nne kati ya tano", haivisomi, na binadamu akivisoma havimwambii lolote. Badala yake andika ulichofanya kwa Kiingereza hicho. Bakiza rangi moja kwa vichwa vya habari, kama bluu iliyokoza ambayo namba yake ya rangi kwenye kompyuta ni 1F3A5F, yenye utofauti wa mwanga wa zaidi ya 11 kwa 1 na karatasi nyeupe. Kipimo kinachotumiwa na watengeneza tovuti ni angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Njano tupu juu ya nyeupe haifiki hata 1.1. Kisha uchapishe nakala moja kwa wino mweusi, kwani msaili huenda akafanya hivyohivyo: kilichofifia hapo, kimefifia mezani kwake.

Chati zako zibadilishe kuwa bluu na chungwa, moja iliyokoza na nyingine nyepesi, ili hata bila rangi ziachane. Ondoa kile kisanduku cha ufunguo pembeni. Andika jina la kila mstari mwishoni mwake. Mstari mmoja uwe mzima, mwingine wa vikato. Na ukisimama kuzungumza usiseme "tazameni ule mwekundu". Sema "ule wa vikato, unaopanda kuanzia Machi".